Majibu ya Mashine ya Muleba

Ninaikumbuka bado, mwanangu, asubuhi ile Ma Kokugonza aliponipigia simu kutoka Muleba, akaniambia nipande gari nije nione nilichofanya.

Yeye alitunza ghala la kahawa la kikundi cha wakulima. Humo kulikuwa na kimashine cha kupima unyevu: kahawa ikiwa bado mbichi iliwaka taa nyekundu, ikikauka iliwaka ya kijani. Programu yake nilikuwa nimeitengeneza mimi.

Nilikuwa kijana niliyeishia darasa la saba, mwenye aibu, nikijifunza kazi kwa fundi wa kompyuta pale Kashai. Kiingereza nilikiandika kwa msaada wa kamusi, herufi moja moja. Kompyuta haikunicheka, ndiyo maana niliipenda.

Kimashine cha Muleba hakikuwa na nguvu ya kujiundia programu. Ilibidi iundwe kwenye kompyuta kubwa ya Kashai, kisha isafirishwe kwa kadi ndogo ya kumbukumbu. Mfumo tuliotumia kuunda programu ulikuwa wa wote: watu wa nchi nyingi waliutunza bure, na yeyote aliweza kuuongezea kitu. Ila ulikuwa na kasoro moja. Kabla ya kuunda, uliiuliza mashine maswali, kama vile namba zake inazipanga vipi. Na uliiuliza ile iliyo mbele yake tu, ukidhani ndiyo itakayotumia programu.

Miezi kadhaa nilikaa nikiufundisha kuunda kwa ajili ya mashine nyingine. Niliongeza mahali pa kuandika majibu ya mashine iliyo mbali. Kazi hiyo niliifanya vizuri, sijidharau. Shida ilikuwa majibu yenyewe. Kuyapata kulitaka niende Muleba, nijitambulishe kwa watu nisiowajua, niombe kufunguliwa ghala. Niliona aibu. Nikayajaza kwa kukisia, nikitazama kompyuta yangu.

Msimamizi mmoja wa mfumo ule, mama wa nchi ya mbali aliyeitwa Ingrid, akaniandikia: “Umeijaribu kwenye mashine yenyewe?” Mimi niliyezoea kutumia siku nzima kwa aya moja, hapo nikajibu “Ndiyo” papo hapo. Sijawahi kuandika neno haraka kama lile. Kazi ikapokelewa, kadi nikaipa dereva aipeleke Muleba.

Basi nilipofika ghalani asubuhi ile, taa ilikuwa ya kijani. Ma Kokugonza akachota kahawa ya maganda, akaitikisa karibu na sikio langu. Iliyokauka huwa inalia kama njuga. Hii ilikuwa kimya. Akanishika mkono akauingiza ndani ya gunia. Kulikuwa na joto, na harufu ya ukungu.

“Mashine hii ulikuja kuipima lini?”

“Sikuja, Ma. Nilipima ya Kashai.”

“Kumbe. Siku nikiugua homa mimi, utapimwa wewe.”

Wakulima waliokuwa wakianika upya wakacheka. Mmoja akasema, “Ma, usiogope. Kashai wote wazima.” Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Ma Kokugonza hakucheka. “Na hao wenzako wa mbali wanajua?”

“Hawajui.”

“Wapo wengine wanaotumia majibu yako?”

“Huenda wapo, Ma, wenye mashine kama hii.”

“Haya magunia nimeyawahi, mengi yatapona. Ya hao wengine atayatikisa nani?”

Akanipa kigoda, akaniletea sahani ya ndizi na maharage, akaniambia kula, kisha andika. Niliandika kwa simu, palepale, sentensi tatu: Sikuijaribu. Niliwadanganya. Yaondoeni majibu yangu. Kahawa iligeuzwa juani mara mbili kabla sijamaliza.

Nilidhani watanifukuza. Ingrid aliyaondoa majibu, akabakiza kazi yangu nyingine yote, akaniomba nilete ya kweli. Nikaandika kiprogramu cha kukiuliza kile kimashine chenyewe, nikanakili majibu kwenye daftari, Ma Kokugonza akisoma juu ya bega langu kuhakikisha sikisii. Nilipokwisha kuunda upya Kashai, nikarudi nikachomeka kadi, tukapima kahawa iliyokuwa bado mbichi, ikawaka taa nyekundu. Ma Kokugonza akapiga makofi. Sijawahi kufurahia taa nyekundu kiasi kile.

Mwanangu, ukimtengenezea mtu kitu, nenda kamuulize mwenyewe. Usijibu kwa niaba yake kwa sababu tu wewe ndiye uliye karibu. Najua aibu ilivyo, hata leo ninayo. Piga hodi hivyo hivyo, ukiwa nayo. Na ukiulizwa kama umejaribu, kumbe hujajaribu, andika “bado”. Neno hilo halijaozesha gunia la mtu.

Mungu akujalie mtu wa kukushika mkono na kuuingiza ndani ya gunia mapema, kisha akupe na chakula. Na hata ukiwa mzito wa kuandika kama mimi, akufanye mwepesi unapoandika ukweli.