Ubatizo wa Babu Jilo

Tope la mto lina harufu yake. Si ile harufu ya udongo ulionyeshewa mvua ya kwanza, ambayo kila mtu huipenda. Hii ni harufu nzito ya majani yaliyooza, samaki na maji yaliyotuama, na mgeni akiisikia huziba pua. Sisi tuliozaliwa kando ya Mto Tana, upande wa kijiji cha Wema, tuliivuta kwa furaha, kwa kuwa ilimaanisha maji yamerudi mtoni na mashamba yamebaki meusi, yanangoja mpunga. Msimu ninaousimulia ulianza na harufu hiyo. Nilikuwa msichana wa darasa la tatu. Mafuriko ya mwaka ule yalikuwa yamebomoa nyumba za mabondeni na kuikata barabara ya Garsen, hivyo kwa majuma mengi hatukusikia mlio wa gari, na watu walipita kwa mitumbwi mahali walipozoea kupita kwa miguu. Kambare walikwama kwenye vidimbwi vya migombani. Sisi watoto tuliwafunika kwa vikapu, tukarudi nyumbani tumegandwa na tope hadi kwenye nyusi, tukagombezwa, kisha tukakaangiwa.

Mama yangu alikuwa akifanya kazi Malindi, nami nililelewa na Babu Jilo na wake zake wawili. Bibi Mkubwa, jina lake Rebeka, ndiye aliyemzaa mama. Alikuwa mama wa kanisa hasa, kitambaa cheupe kichwani, na Jumapili sauti yake ndiyo iliyoanzisha kila wimbo. Bibi Mdogo, Hawayu, alikuwa kwanza mke wa mdogo wake Babu. Mume wake alichukuliwa na mamba akivuka mto, kabla hawajajaliwa mtoto, na kwao Ndera wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa. Babu akamchukua kama desturi ilivyotaka. Nilisikia kwamba Bibi Mkubwa alilia sana wakati ule, kisha akaacha kulia, lakini kununa hakuacha. Miaka ilipita wakiishi ua mmoja, kila mmoja na jiko lake, wakizungumza yale tu yasiyoepukika: chumvi imekwisha, kuni zimelowa, ndege wameingia shambani.

Kwa sababu ya Bibi Mdogo, Babu hakubatizwa. Kanuni ya kanisa letu wakati huo ilikuwa wazi: mwenye wake wawili amwache mmoja kwanza. Babu aliamini, aliomba asubuhi na jioni, na nyimbo alizijua kuliko wengi waliokaa viti vya mbele, lakini ibada aliisikilizia nje, ameegemea ukuta kwenye kivuli. Wachungaji walikuja na kuondoka, kila mmoja akamshauri. Babu aliwajibu wote neno lile lile: "Nikimwacha, anakwenda kwa nani?"

Maji yalipopungua, Babu akaugua kichomi. Alianza kwa kukohoa, kisha homa ikampanda hata akawa anatetemeka chini ya mablanketi wakati sisi tunatokwa jasho. Kumpeleka hospitali hakukuwezekana, kwa kuwa barabara ilikuwa bado imekatika. Rafiki yake, mfugaji Mworma aliyekuwa na ng'ombe wake kwenye nyanda za ng'ambo, alimletea maziwa kwenye kibuyu kila alipopata mtumbwi, akaketi naye bila kusema mengi. Mimi nilikuwa na hofu yangu ya peke yangu. Mwalimu wetu wa mafundisho ya Jumapili alikuwa ametuambia kwamba mlango wa mbinguni hufunguliwa waliobatizwa tu. Nilimtazama Babu akihema, nikauona mlango ule umefungwa, naye yuko nje, na hakuna hata kivuli.

Alasiri moja nikashindwa kuvumilia. "Babu, ukifa utakwenda wapi?"

Alicheka hadi kikohozi kikamkamata. "Kwa yule ninayemwomba kila siku. Mwingine simjui."

"Lakini hujabatizwa."

Kicheko kikamwishia. Akautafuta mkono wangu akaushika, na mkono wake ulikuwa wa moto. "Hilo ndilo linaloniuma, mjukuu wangu. Nayatamani maji yale. Lakini siwezi kuingia kwa Mungu nimemkanyaga mtu mgongoni."

Nje ya mlango Bibi Mdogo alikuwa akipepeta mchele. Nilisikia ungo umenyamaza.

Kesho yake alfajiri nilikutana naye nikitoka kuteka maji. Alikuwa na furushi kichwani. Aliniwekea mkono shavuni, akasema, "Mwambie Babu sasa ana mke mmoja tu. Mchungaji akija, ambatize." Nilipomuuliza anakwenda wapi, alisema Ndera, kana kwamba Ndera kuna mtu anayemngoja. Nilikimbia nyumbani. Jiko lake lilikuwa limefagiliwa, sufuria zimeoshwa na kufunikwa, mkeka umekunjwa vizuri. Nilimkuta Bibi Mkubwa anakoroga uji wa mgonjwa, nikamweleza nikitweta. Kwa akili yangu ya kitoto nilidhani atashukuru.

Aliacha kukoroga. "Amebeba chakula?"

"Sikuona."

Alimwita mwanamke wa jirani amwangalie mgonjwa, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akatoka bila viatu. Nilimfuata. Sijawahi kumwona mtu mzima akienda vile. Tope lilimmeza hadi magotini, akawa anang'oa mguu mmoja na kuutumbukiza mwingine, anaanguka kwa mikono, anainuka, haangalii nyuma. Kitambaa cheupe kilinaswa na mwiba, akakiacha hapo hapo. Alikuwa akiita, "Hawayu! We Hawayu!" kwa sauti ile ile ya kuanzishia nyimbo, lakini sasa imekauka.

Tulimpata pale maji yalipoikata barabara. Alikuwa amekalia furushi lake akingoja mtumbwi.

"Rudi, Dada," alisema bila kugeuka. "Nimesimama kati ya mzee na Mungu wake miaka yote hii. Basi."

"Nani amekwambia umesimama hapo?"

"Si wewe? Mwaka ule nilipoletwa, si wewe uliyeniambia kuwa mimi ndiye nitakayemtia mzee motoni?"

Bibi Mkubwa aliketi kwenye tope. Akasema polepole, "Nilisema. Nilisema kwa uchungu wangu, Hawayu, Mungu hakunituma. Kila Jumapili nasimama pale naimba kwamba nimeokolewa bure. Bure! Sasa mzee aokolewe kwa kukutoa wewe?"

"Na akifa hivyo hivyo je?"

"Akifa hivyo, na afe tukiwa sote karibu naye. Wewe ukiwa huku barabarani na mimi nikiwa kule nimeridhika, hapo ndipo mimi sijui nitamwambia nini Mungu."

Bibi Mdogo alianza kulia, na kilio chake hakikuwa na kelele. Nilisimama katikati yao nikiwa sijui nimshike nani. Mwishowe Bibi Mkubwa aliinuka, akalichukua furushi akalitia kichwani mwake mwenyewe, akasema uji utakuwa umeungua. Tukarudi.

Mchungaji alikuja siku chache baadaye kwa mtumbwi, anazungukia wagonjwa. Alikuwa kijana mwembamba, hana hata mwaka tangu aletwe kwetu, na suruali aliyokuwa amekunja ilikuwa imelowa. Kabla hajaketi, Bibi Mkubwa alimwambia, "Mchungaji, mbatize huyu."

Mchungaji alimtazama Bibi Mdogo aliyesimama mlangoni, akainamisha kichwa. "Mama, kanuni unaijua."

"Naijua. Wengine nimewasomea mimi. Lakini kama kuna aliyekosewa katika nyumba hii ni mimi, basi niulize mimi. Sitaki amwache."

"Nami simwachi," Babu alisema kutoka kitandani.

Nilisikia pumzi ya Babu ikikwaruza kifuani. Mchungaji alisogeza kigoda karibu na kitanda, na alipozungumza tena alikuwa kama mtoto anayemuuliza baba yake jambo. "Mzee Jilo, unamwamini Yesu?"

"Tangu ujana wangu."

"Unamwendea na nini?"

Babu aliinua mikono yake kutoka kwenye blanketi akaitazama, mikono mikubwa ya mkulima iliyokwisha nyama. "Nina nini mimi? Namwendea hivi hivi. Watu wananiambia atanikataa. Nimemwomba miaka mingi, na sijamsikia akinikataa."

Mchungaji alifuta uso kwa kiganja. Nilidhani ni jasho. "Nileteeni maji," akasema.

Aliyeyaleta ni Bibi Mdogo, katika bakuli la udongo. Babu alipoulizwa anataka jina gani jipya, alisema abaki na lake, kwa kuwa Mungu amemzoea kwa jina la Jilo, asije akapata taabu kumtafuta. Hata Bibi Mkubwa alicheka, machozi yakimtiririka. Maji yakamwagwa juu ya mvi zake, yakashuka masikioni, naye akafumba macho kama mtu aliyewekwa kivulini baada ya kulima kutwa. Hofu yangu ilinitoka wakati ule ule.

Sote tuliamini ni ubatizo wa kumsindikiza. Jirani mmoja alikuwa ameanza kuuliza habari za mbao za jeneza. Lakini homa ikavunjika, Babu akaomba wali na kambare, na kabla mpunga haujachipua vizuri akaingia kanisani kwa mkongojo, mke mmoja kila upande. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Mtu anayekufa watu walikuwa tayari kumsamehe, ila huyu aliyepona akaja kukaa kwenye viti hawakujua wamfanye nini. Mzee mmoja wa kanisa alichukua kofia yake akatoka. Habari zikafika kwa wakubwa, mchungaji akaitwa, na baada ya mavuno akahamishwa. Alipokuja kuaga alisema walimtaka aeleze kwa nini, naye hakuwa na la kueleza zaidi ya kwamba alifika akakuta Mungu ametangulia, ikambidi afuate. Bibi Mdogo alimfungia mchele mwingi kuliko alivyoweza kubeba.

Sitaki kusema kwamba wake wenza wale waligeuka marafiki wa kushikana mikono. Waligombana kuhusu kuni hadi uzeeni. Ila waligombana wakipika jiko moja, na Babu alipokufa kweli, miaka mingi baadaye, walimwosha pamoja.

Sasa naishi Garsen, nafundisha shule ya msingi. Kijiji chetu kilihamia palipoinuka, na mto umegeuza njia ukapita pale ulipokuwa ua wetu. Jumapili makanisa ya hapa mjini hushindana kwa spika, na kwenye simu kila asubuhi kuna mhubiri anayetueleza tufunge kiasi gani na tukemee nini ili Mungu atukubali. Siwabezi. Wengine wamenifaa. Lakini mwaka jana nilifiwa na mume wangu, na kwa miezi sikuweza kuomba. Nilipiga magoti, nikafungua kinywa, hakuna kilichotoka. Sikufunga, sikuimba, Jumapili nyingine sikutoka nyumbani. Dada mmoja wa kanisani alinionya kwamba imani yangu inazimika. Labda ilikuwa ndogo kweli. Nilikaa tu kwenye ukingo wa kitanda, sina kitu mkononi, sina neno. Na hapo nilipokaa, bila kustahili na bila kujikaza, nilijua kwamba napendwa.