Mstari mweusi wa Papa Mwansa

Bon, chekeni tu, maana mtaa wetu mzima wa Panda umeshacheka, na hata leo nikipita sokoni kuna mama mmoja wa maharagwe ananiangalia magoti kwanza ndipo ananisalimia.

Mimi ndiye ninayewachorisha wazee wenye ugonjwa wa kusahau, kila juma, kwenye ukumbi wa parokia (kuchora nilijifunza kidogo, kuongea ndiko nilijifunza sana). Kati yao kuna Papa Mwansa, ambaye maisha yake yote alipaka rangi nyumba za kambi ya wafanyakazi: juu nyeupe, chini mstari mweusi unaofika magotini, ili matope ya mvua yasionekane. Siku zile alikuwa anaingia kwenye viwanja vya watu na kukwaruza kuta zao kwa kucha, kuona kama rangi bado inashika, na majirani walikuwa wameanza kumwita mchawi. Binti yake Odette alikuwa amechoka. Siku ya kuonyesha michoro akaniambia mlangoni, kama mtu anavyomwambia dada yake mkubwa, "Yaya Mado, leo akiniletea tena haya, njo mwisho. Nitamufungia mu nyumba, hatatoka tena." Nikamjibu, "Acha woga, niko naye." Mdomo wangu huu!

Basi Papa akakataa kuchora. Nilimpa karatasi na burashi ndogo, akaigeuzageuza, akaniuliza, "Hii njo ya kupakia wanja? Burashi ya kazi iko wapi?" Na mimi, kwa kuwa nilitaka Padri akiingia akute kila mzee ana burashi mkononi, nikaenda nyuma ya mlango nikachukua burashi pana na mkebe wa rangi ya mafuta, nyeusi, iliyobaki walipopaka madirisha, nikamwambia, "Shefu, kazi inaanza." Akasimama wima, akakunja suruali. Nikajisifu moyoni, kweli mimi nina akili.

Padri akaingia na kanzu yake nyeupe imepigwa pasi, na sisi akina mama na magauni yetu meupe ya kwaya, Odette akiwemo, tukajipanga pamoja naye kwa sala, migongo kwenye ukuta, macho tumefumba. Sasa sala za Padri wetu mnazijua (hamzijui? mshukuru Mungu): anaanza na wagonjwa, anapita kwa wachimbaji, kwa wavuvi wa ziwa Tshangalele, kwa umeme unaokatika, halafu anarudi tena kwa wagonjwa. Alipofika kwa wavuvi nikasikia kitu cha baridi kinanipita magotini. Nikajiambia ni Roho Mtakatifu. Mara Padri naye akakwama, "Bwana... Bwana...", kisha akaendelea kwa nguvu zaidi, nikajua na yeye Roho amempitia.

"Amina." Tukafumbua macho. Mstari mweusi ulikuwa umenyooka kabisa kutoka mlangoni, ukapita kwenye gauni langu, gauni la Odette, kanzu ya Padri, ukaendelea ukutani mpaka dirishani, na hakuna aliyerukwa. Nikaruka mbele kwa woga, nyuma yangu pakabaki pengo jeupe. Papa, mkebe mkononi, akakasirika: "Ukuta gani hii inatembea? Rudia pale! Haiyakauka!"

Watu walicheka mpaka wazee wenyewe wakapiga makofi. Mimi nilikuwa namwangalia Odette tu. Alikuwa ameshika gauni lake, nikajua imekwisha, mzee wa watu anaenda kufungiwa kwa sababu ya hizo akili zangu. Akamsogelea baba yake. Papa akamzuia kwa mkono, taratibu.

"Odette, mutoto wangu, usiguse. Utajichafua, mama yako atanipigia makelele."

Hakuwa amemtaja jina tangu mvua za mwaka jana. Alikuwa anamwita "mama" tu, kama anavyomwita kila mwanamke anayempa chai. Odette akalia, akacheka, akalia tena. Halafu akamwambia, kama alivyokuwa akifanya utotoni akimpelekea ugali kazini, "Papa, mama amenituma. Nimeleta bukari."

"Na samaki?"

"Na samaki."

"Weka pale. Nimalize ukuta kwanza."

Akamaliza. Odette ndiye aliyemshikia mkebe.

Ile rangi haikutoka. Kanzu ya Padri tuliifua kwa petroli, na Jumapili ile hakuna aliyethubutu kumsogezea mshumaa. Juma lililofuata Odette mwenyewe alimleta Papa, mchana kweupe, kwa miguu, katikati ya majirani wote, na alikuwa amevaa lile gauni lenye mstari. Na mimi nimeapa: Papa Mwansa akiwa na burashi mkononi, nasali macho wazi.