Siku Watu wa Taa na Watu wa Ngoma Walipokutana Mlimani

Mwanangu, kuna siku moja ya kiangazi ambayo sijaisahau mpaka leo. Jua la njia ya Wamaza lilikuwa limeiva, vumbi jekundu limetupanda mpaka magotini, na mimi nilikuwa msichana mwenye hasira. Kaa karibu nikusimulie. Nimesikia umejiunga na wale vijana wanaozunguka vijijini kusema habari za mvua na misitu, na nimesikia pia kwamba mwezi huu wa kampeni, kila mlango unapobisha hodi wanakuuliza, "Na wewe, uko wa nani?" Swali hilo nalijua. Niliulizwa kabla hujazaliwa.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya sekondari mjini Kasongo, kazi hakuna, nikajiunga na kikundi kidogo cha watu wa kujitolea. Aliyetuongoza alikuwa Mama Zaina, mjane wa Kabambare, muuza mawese, mwanamke wa sauti ya chini. Ukitaka kumsikia sharti unyamaze kwanza. Tulikuwa Wakristo na Waislamu mchanganyiko. Kazi yetu ilikuwa kwenda kijiji hadi kijiji kuzungumza na watu juu ya majira yaliyogeuka, na kukubaliana nao la kufanya. Kuwafundisha kwamba majira yamegeuka hakukuwa na haja, maana wakulima walikuwa wamekwisha kuona. Mvua za kupandia mpunga zilichelewa, kisha zikaja zote pamoja kama watu waliofukuzwa, zikaondoka na udongo. Kiangazi kilirefuka. Na moto wa nyika, ambao zamani ulifika kwenye unyevu wa msitu ukafa wenyewe, sasa ulianza kuingia ndani ya msitu.

Mlima Kahongo unaukumbuka? Kijiji upande huu, kijiji upande ule, na juu kuna kipande cha msitu ambamo inatoka chemchemi ya vijiji vyote viwili. Kila mwaka moto ulikuwa unakula pembezoni mwake. Sisi tulitaka watu wa pande zote mbili wafyeke ukanda mpana kuuzunguka msitu ule kabla nyasi hazijakauka kabisa. Salongo tu, kazi ya mikono ya wote. Kidole kimoja hakivunji chawa. Neno jepesi, sivyo?

Lakini ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Upande huu wote walikuwa wa chama cha Taa, ng'ambo wote wa chama cha Ngoma. Tuliviita hivyo kwa alama zilizochorwa kwenye kofia na fulana zao. Walikuwa wameacha kuoana, na baadhi walikuwa wameacha hata kuzikana. Ile methali ya kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka, mwezi ule hukuthubutu kuitamka sokoni. Ungepigwa, na wewe ulikuwa unamwonya mtoto wako tu.

Siku ile tulikuwa tunakwenda kijiji cha Taa. Tukasikia motokari nyuma yetu, bendera ya Ngoma inapepea, muziki juu. Ikasimama. Aliyechungulia dirishani alikuwa yaya wangu Donati, kaka yangu mkubwa wa tumbo moja, aliyekuwa akifanya kampeni ya kandida wao, mgombea wa Ngoma.

"Faida! Mama Zaina! Pandeni," alisema. "Tunapita chini ya mulima. Jua iko kali."

"Aksanti, mutoto wangu," Mama Zaina akajibu. "Tutakwenda na miguu."

"Lakini maneno yenu ni ya muzuri, mama. Tutayasema na mikro, watu wote watasikia."

"Watasikia mikro ya Ngoma. Mulima hawatausikia."

Donati akacheka, akamwambia dereva aende. Mimi nikabaki na vumbi lao mdomoni. Nikasema, kwa sauti ya mtoto aliyenyimwa, kwamba motokari ni motokari, na yaya wangu hakuwa adui wa mtu. Mama Zaina akatembea hatua chache. Kisha akasimama.

"Faida, moto ukifika pale juu, utauliza mutu kadi yake ya chama?"

"Hapana, mama."

"Basi na sisi tusimuulize. Sisi tunasema na kila mutu, hatusemee chama ya mutu. Siku tutapanda mu motokari ya moja, ya pili atafunga masikio, na haki iko yake. Kura yako ni yako. Siku ya kura ingia, chagua, toka. Lakini kazi hii haina kura."

Akaendelea kutembea. Wakati ule niliona ni maneno ya mzee tu. Sikujua kwamba kabla jua halijashuka nitayahitaji kama mtu anavyohitaji fimbo mbele ya nyoka.

Tulipofika barzani kwa kapita, mkuu wa kijiji, mzee Lukanga, hatukupewa viti. Vijana wenye kofia za Taa walituzingira. Mmoja akaninyoshea kidole. "Huyu ni dada ya Donati wa Ngoma! Tunamujua! Wametumwa kuhesabu watu wetu!" Mwingine akanyakua mfuko wetu akaumwaga chini. Mlikuwa na muhogo wa kuchemsha na kanga ya Mama Zaina ya kuswalia. Mapanga yalikuwa mikononi mwao, maana walikuwa wametoka shambani, lakini panga ni panga, mwanangu, hata likitoka shambani. Nilimtazama Mama Zaina anisaidie.  Alinitazama tu, na nikaelewa kwamba jibu hilo ni langu.

"Ni yaya wangu, sikatae," nikasema. "Leo asubui alitupa motokari yake. Tulikataa. Tumekuja na miguu. Muangalie hii miguu."

Wakaiangalia. Ilikuwa myekundu kama matofali. Nyuma kabisa mwanamke mwenye mtoto mgongoni akapaza sauti: "Ni kweli! Motokari ile niliiona ikipita kule chini. Na hawa nilikuwa ninawaona wanapanda na miguu mu jua, nikasema, hawa watu ni wagonjwa?"

Wakaangua kicheko. Kicheko hicho, mwanangu, kilinifungua kifua. Mzee Lukanga akaokota kanga, akaikung'uta vumbi kwa mikono yake mwenyewe, akampa Mama Zaina. Akasema, "Mutu anayekataa motokari ya yaya yake, tumusikilize." Tukaletewa viti.

Ng'ambo, kwa watu wa Ngoma, walituuliza swali lilelile, safari hii kwa jina la Taa, nasi tukajibu vilevile. Vijiji vyote viwili vikakubali, ila kwa masharti: siku ya salongo pasiwe na kofia wala fulana ya chama, na kila kijiji kifyeke upande wake, asivuke mtu.

Siku ikafika. Nilipanda na watu wa Taa alfajiri, nikiwa na hofu, maana nilijua kule juu mapanga ya pande mbili yatakutana. Tulifyeka tukipanda, na ng'ambo tuliwasikia wakifyeka wakipanda, bila kuonana. Karibu na kilele nyasi zikaisha katikati yetu, na watu wakasimama uso kwa uso, jasho linawatoka, mapanga mikononi. Hapo mwanamke mmoja wa Ngoma, mzee, akaanza wimbo wa kulima wa Kibangubangu. Aliimba mstari mmoja, akanyamaza, maana wimbo ule unataka kujibiwa. Kimya. Halafu upande wetu mzee Lukanga akajibu. Na wote wakajibu. Wimbo ulikuwa mmoja. Bibi zao walikuwa wameuimba pamoja kwenye mlima huohuo. Ngozi ilinisisimka mpaka kichwani.

Hazikupita siku nyingi, moto ukaja. Hatujui nani aliuwasha. Nyikani kuna wawindaji. Ulikuja mchana, na upepo nyuma yake. Mwanangu, nimeona mafuriko ya mto Lualaba pale Nyangwe, sikuogopa hivyo. Ulikuwa ukuta, unanguruma, unapanda mlima kwa kasi kuliko mtu anavyokimbia, na anga lote likawa la shaba. Watu wa vijiji viwili walipanda mbio na matawi mabichi, wakajipanga kwenye ukanda tuliofyeka, wamechanganyika. Sikuona tena nani ni wa wapi. Donati nilimwona, amekuja na watu wa ng'ambo, ameivua fulana yake ya Ngoma, ameilowesha maji na anapigia cheche, na kijana aliyemwaga mfuko wetu yuko bega kwa bega naye, anamwonyesha: "Pale! Pale, yaya!"

Kisha wanyama wakatoka nyasini, wanaukimbia moto. Swala mdogo alikuja akapita katikati ya watu, karibu hivi, ningeweza kumgusa mgongo. Watu wale wanapenda nyama, na mapanga walikuwa nayo. Hakuna aliyeinua mkono. Walimfungulia njia, akaingia msituni.

Na moto ukafika kwenye ardhi tupu, ukasimama. Ukayumba kama mlevi, ukatafuta pa kupita, ukalala. Nikasikia ndani ya msitu, nyuma yetu, maji ya chemchemi yakitiririka, madogo, kama hakuna lililotokea. Mama Zaina alikuwa amepiga magoti na uso wake chini. Mimi ni Mkristo, nikapiga magoti kando yake.

Sikudanganyi, hatukuwa malaika. Kura zilipigwa, hawa wakashangilia, wale wakanuna, na Donati hakuzungumza na shemeji yetu, aliyekuwa mtu wa Taa, mpaka mvua zikarudi. Lakini ukanda ule unafyekwa kila kiangazi, na vijiji vyote viwili.

Basi haya ndiyo ninayokuachia. Usiikane familia yako wala usiifiche. Sema ni wako, kisha sema kazi yako. Usipokee lifti, fulana wala mikro ya mwenye kutafuta kura, hata akiwa ndugu, hata jua likiwa kali. Kandida wa kila upande mpelekee ombi lilelile, kwa maneno yaleyale, mbele ya watu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, hasa miezi kama hii. Ukitukanwa, uwe mvumilivu. Anayekuuliza uko wa nani mara nyingi anaogopa, na mwoga hatulizwi kwa kelele. Na ukiona watu waliochukiana wanafanya kazi moja, simama utazame vizuri, umshukuru Mungu, maana watu wengi huzeeka hawajaona jambo hilo.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akutangulie mbele ya kila mlango. Akupe masikio kabla ya maneno, akukinge na hasira za wakubwa na moto wa nyika, na mvua, siku zitakapokuja, zikukute umekwisha kupanda.