Chuma cha Shamba la Syokau

Iko siku moja ambayo bado hunijia nikiwa peke yangu: kwanza nacheka, halafu naona haya. Ilikuwa Mbooni, miaka ya sabini, nami nilikuwa mwanafunzi wa upimaji wa ardhi. Mwanangu, nasikia umepata nafasi chuoni kusoma kazi hiyohiyo, pamoja na hizo ramani zenu za kompyuta. Basi keti nikusimulie kabla wengine hawajakusimulia vibaya.

Mimi ni mtu wa kijiji cha Tulia, na nililelewa kanisani. Nilipofika chuo kikuu nilianza kutilia shaka kila kitu. Nikirudi nyumbani nilimuuliza mchungaji dhiraa za safina ya Nuhu zilipimwa kwa mkono wa nani, maana mikono haiwi sawa. Nilimuuliza mama kwa nini mahindi ya muthokoi yakobolewe, ilhali ganda nalo ni chakula. Alinipa mchi.

Mwaka huo tulitumwa nyanjani, kila mwanafunzi mahali pake, kupima mashamba ambayo watu walikuwa wakingojea yaandikishwe. Mimi nilipewa mteremko mmoja wa Mbooni. Nilifika huko na suruali pana chini, viatu vya soli nene ambavyo havikuwahi kuona mlima, na mshipi wenye kifungo cha chuma kikubwa kama kisahani, chenye kichwa cha simba. Nilijiona.

Nilipewa mzee wa kunisaidia, jina lake Nzioka. Alikuwa amevuta mnyororo wa kupimia tangu enzi za wakoloni, na kusoma hakujua. Alikuwa na tabia moja iliyonichekesha. Kila niliposimamisha dira juu ya miguu yake mitatu, yeye alichukua panga lake, akaenda nalo mbali, akalificha nyuma ya kichaka, ndipo akarudi.

"Mzee," nilimwambia siku ya kwanza, "unaogopa panga litaona nini?"

"Savea wa zamani alikuwa anatufukuza na mapanga yetu. Hatua kumi."

"Hizo ni imani za kale. Tuko katika wakati wa sayansi."

Akanitazama, akatazama tumbo langu, akafungua mdomo aseme jambo. Nikamwambia, "Wewe vuta mnyororo." Akavuta.

Shamba la kwanza lilikuwa la mjane aliyeitwa Syokau. Kwa chini lilipakana na la jirani yake, Mutiso, mtu mwenye duka na sauti kubwa. Sasa elewa kazi ilivyo: unaanzia kona moja, unasoma dira, unapima urefu, unakwenda kona ya pili, hivyo hivyo mpaka umelizunguka shamba lote. Ukichora, mstari wa mwisho lazima urudi pale ulipoanzia. Wangu haukurudi. Ulikomea hatua ishirini mbali, ndani ya zizi la Mutiso.

Nikapima tena. Mara hii ulikomea upande mwingine, kwenye choo cha Syokau. Nikapima mara ya tatu, na Nzioka akafungua mdomo tena, nami nikamnyamazisha tena. Ilikuwa ni lazima kuwe na kosa mahali fulani. Nilishuku mnyororo, nilishuku karatasi, nilishuku mlima wenyewe. Ndipo nikakumbuka somo moja: sindano ya dira hupotoshwa na chuma. Nikaruka kwa furaha. Chini ya shamba la Syokau kuna chuma! Na ni kingi!

Ningenyamaza hapo, ningekuwa na hadithi fupi. Lakini jioni hiyo nilipita kwenye duka la Mutiso kunywa chai, nikaeleza ugunduzi wangu kwa lugha ya chuoni. Jumapili mchungaji wa Mbooni akaombea chuma. Jumatatu vijana wawili waliacha kulima, wakingoja mgodi ufunguliwe. Na Jumanne Mutiso akamwendea Syokau na wazee wawili, akamwambia kwamba lile tuta la chini, ambalo marehemu mumewe alilima maisha yake yote, lilikuwa la kuazima tu kutoka kwa baba yake Mutiso. Wale wazee walikumbuka vizuri sana. Kwa nini hawakukumbuka kabla ya chuma, hakuna aliyeuliza, hata mimi niliyezoea kuuliza.

Tuta hilo ndilo lililokuwa na chemchemi na nduma. Katika mwaka wa ukame ndilo lililolisha watoto wanne wa Syokau. Kamati ya ardhi ikapanga kuketi Alhamisi, palepale shambani, na shahidi mkuu wa Mutiso nikawa mimi, kwa kuwa vipimo vyangu visivyokubaliana vilimpa nafasi ya kubishia mpaka.

Syokau alinikuta njiani Jumatano, amebeba mtungi.

"Savea, wewe umekiona hicho chuma?"

"Hapana mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba, "lakini sindano imekiona."

"Mimi nimechimba hapo miaka kumi na tisa. Nimetoa mawe, nimetoa fuko, nimetoa hata kijiko cha mama mkwe. Chuma hakijanisalimia." Akatua mtungi. "Nikinyang'anywa hilo tuta, kiangazi kikija nitawapa watoto sindano yako wale?"

Usiku huo nilijiambia kwamba sayansi haina huruma. Kijana akiwa na makosa huwa na maneno mazuri sana.

Alhamisi watu walijaa kama ni harusi. Akina mama wa kanisa walikuja na viti vyao. Mutiso alivaa koti. Nilisimamisha dira, nikaeleza kwa kirefu, na mwenyekiti wa kamati, mzee mpole asiyependa makelele, akauliza kama kuna mwenye swali. Nzioka akainua mkono.

"Mimi ni wa mnyororo tu," akasema. "Lakini naomba savea asome sindano hapo aliposimama."

Nikasoma.

"Sasa rudi nyuma. Rudi tena. Tena. Savea, usiogope, hakuna shimo."

Nikarudi nyuma mpaka karibu na kina mama. Nzioka akamwita mwenyekiti aje aitazame dira. "Mzee, iangalie vizuri. Savea, njoo sasa. Polepole."

Nikaja. Mwenyekiti akainama, akatoa miwani, akaivaa tena. "Ai! Inageuka!"

"Zunguka upande ule, savea," Nzioka akasema.

Nikazunguka. "Inamfuata!" mwenyekiti akapiga kelele, yeye asiyependa makelele. "Inamfuata kama ndama anafuata mama!"

"Hicho ndicho chuma cha Syokau," Nzioka akasema, akanyoosha kidole kwenye tumbo langu. "Kina kichwa cha simba."

Mwanangu, dira hiyo ilikuwa inasimama kimo cha kitovu changu. Kila nilipoisogelea kusoma, nilikuwa nikiisogezea karibu kilo nzima ya chuma. Chuoni tulifundishwa jambo hilo siku ya kwanza, ila mimi siku hiyo nilikuwa nyuma ya darasa nikibishana na mwenzangu kama mwalimu anajua anachosema.

"Vua mshipi tuone," mwenyekiti akaamuru.

Nikavua. Ile suruali nilikuwa nimeinunua kwa ajili ya upana wake, si kwa ajili ya kiuno changu. Niliidaka ikiwa imefika mapajani. Akina mama walifunika nyuso, lakini vidole vyao vilikuwa na nafasi. Syokau mwenyewe alikata kipande cha kamba ya mkonge, akanirushia. "Funga, mwanangu. Kazi bado."

Tukapima upya mbele ya watu wote, mimi nikiwa nimefungwa kama gunia la mbaazi. Mstari wa mwisho ulirudi pale ulipoanzia, ukakosa kwa upana wa kiganja tu. Mutiso akawatazama wazee wake wawili. Mmoja akasema kumbukumbu ya watu wa umri wake si ya kuaminiwa. Mwingine alikuwa ameshaondoka. Kamati ikaandika tuta la chini kwa jina la Syokau kabla chai haijapoa.

Nilidhani yameisha. Nilimkuta Nzioka akilichukua panga lake nyuma ya kichaka, nikamwambia kwa sauti ndogo, "Mzee, mbona hukuniambia mapema?"

"Nilianza kukuambia mara mbili." Alilipangusa panga. "Wewe umeuliza mlima, umeuliza mnyororo, umemuuliza hata Mungu, nasikia. Yuko mtu mmoja hujamuuliza."

"Nani?"

"Wewe." Kisha akaongeza, "Na Jumapili wale watu wataombea chuma tena. Nani atawaambia?"

Nilitaka mwenyekiti awaambie. Nilitaka kuandika barua. Mwishowe Jumapili nilisimama mbele ya kanisa lote nikasema: hakuna chuma, nilikosea mimi, na kosa langu lilikaribia kumpokonya mama huyu shamba. Mtu mmoja nyuma akasema, "Amina." Sijapata kusikia amina nzito kama ile.

Sasa sikia ninachokuambia. Sikukatazi kuuliza. Mimi mpaka leo nauliza, na mama yako ni shahidi wa taabu hiyo. Lakini mashine yako inayozungumza na setilaiti ikikupa jibu, na watu wa mahali wakasema sivyo, usianze kwa kuwakosoa wao. Jikague kwanza wewe: umesimama wapi, umekuja na nini, ulikuwa unatamani jibu gani. Anayekubebea vifaa mwite kwa jina, na akifungua mdomo, funga wako. Na ukikosea, ungama mbele ya masikio yaleyale uliyoyadanganya, maana mstari wako ukishachorwa, kuna watoto watakaokula au watakaolala njaa kwa ajili yake.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie milimani na mabondeni, akupe macho makali na sauti ya upole, na kila nyumba utakayopita kando yake na vifaa vyako ikukaribishe uji.