Vyombo vya Karamu

Saa kumi na nusu alasiri leo, chai ya jirani ilinukia mdalasini, nikaiweka chini riwaya niliyokuwa nikisoma.

Alasiri moja ya zamani, nyumbani kwetu milimani, tulikuwa tukikwangua magome ya mdalasini ya kupeleka sokoni Mkuyuni. Vidole vilinata. Dada peke yake hakukwangua, kwa sababu alikuwa akitusomea riwaya hii hii, aliyoazimwa na mwalimu wake. Kesho yake mjomba angekuja kumchukua akafanye kazi za ndani kwa tajiri mmoja mjini. Shule ilikuwa imekwisha; kwetu mjomba akishaamua, mama hapingi.

Msimulizi wa kitabu alikuwa ndugu maskini aliyealikwa kwenye jumba la matajiri. Alisifu mapazia, akasifu vikombe vya fedha, akauota utajiri ule kama mtu anayeota moto wa jirani. Ikaja karamu ya watu arobaini.

"Walikula mpaka wakachoka," dada alisoma, "kisha wote wakaenda kulala."

"Vyombo nani aliosha?" mama aliuliza.

Dada alicheka. "Mama nawe! Hii ni hadithi tu."

"Watu arobaini, mwanangu! Hebu tazama vizuri. Huyo anayesimulia si alikuwepo?"

Dada alirudi nyuma ukurasa mmoja, akaenda mbele kurasa mbili, kidole kikifuata mistari. Kicheko kilimwisha usoni.

"Hajasema, mama."

Mama aliendelea kukwangua gome ambalo tayari lilikuwa safi.

"Basi ukifika huko," alisema, "usingoje wakukumbuke. Usione haya kuomba chakula."