Ndala Yangu Ndani ya Buti za Anna

Ndala yangu niliikuta ndani ya buti la mwanamke mwingine. Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia, na hapo ndipo nilipokosea. Nakiri mwenyewe, wala sitaki mtu anitetee.

Mume wangu anafanya kazi kwenye mgodi wa wageni kule kanda ya ziwa. Kila baada ya wiki sita anakuja kwetu Lemara kupumzika, kisha anarudi kwa kindege kutoka uwanja mdogo wa hapa Arusha. Begi linapimwa, mwisho kilo kumi na tano. Kwa hiyo buti zake za kazi, zile nzito zenye chuma kwenye vidole, anazivaa na kupanda nazo katikati ya watalii.

Asubuhi ya safari alikwenda kwa kinyozi. Nikafungua begi nimwekee chapati. Nikakuta buti kama zake, ila mpya, ndogo, namba tano, zimefungwa kwenye gazeti. Na ndani ya buti la kulia, ndala yangu iliyopotea tangu juzi!

Nikazijaribu. Zikanikaa kama nilipimwa. Na kweli nilipimwa! Alikwenda sokoni na ndala yangu kumnunulia mwingine, mimi ambaye tangu harusi sijanunuliwa hata raba.

Mwenyewe nilimjua. Anna, msichana anayebeba sampuli za mawe mgodini. Jina lake lilitajwa nyumbani kwetu mara tatu, na mara zote tatu tuligombana.

Jamani, nilizitumbukiza kwenye shimo la choo, moja baada ya nyingine. Ili asishtukie uzito, nikafunga pasi yangu ya mkaa kwenye gazeti lile lile, nikairudishia begini. Akaondoka nalo. Nikampungia mkono, mtoto mgongoni. Raha niliyoisikia siku ile, Mungu anisamehe.

Wiki sita baadaye akaingia bila salamu. Akaweka pasi mezani.

"Pasi yako, mama Glory. Imepanda ndege kabla yako."

Ndipo akanieleza. Stoo ya mgodi haina buti za wanawake. Ndogo kuliko zote ni namba nane. Anna alikuwa anajazia matambara. Akampa mume wangu pesa amtafutie Arusha, na kwa vile Anna anavaa tano kama mimi, mume wangu akachukua ndala yangu akapimie. Siku ya tatu baada ya pasi kufika, buti kubwa lilimchomoka Anna kwenye ngazi. Mguu ukavunjika mahali pawili. Wakamwachisha kazi, eti alivaa buti zisizomtosha.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Ningekuambia, ungenisikiliza?"



Nilimfuata Anna kwao Engutoto, hapa hapa Arusha, alikorudi kujiuguza. Nilimkuta mguu uko juu ya stuli, una plasta ngumu hadi gotini. Nikamwambia nilichofanya. Akaitazama miguu yangu, si uso.

"Kumbe ndiye wewe tunayelingana miguu."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Na hata pale nilipokaa, nilikuwa bado namchunguza kama ni mzuri kuliko mimi. Ni mzuri.

Dada zangu, ukikuta kitu begini, uliza kwanza. Mimi sikuuliza, na siku hizi begi la mume wangu lina kufuli, ufunguo anasafiri nao.

Lakini nilitoka Engutoto nimewaka, na safari hii si kwa wivu. Kidato cha nne nimemaliza, barua naweza kuandika. Nimeipeleka mwenyewe ofisi ya mgodi hapa mjini, na sikuondoka mpaka nakala yangu ilipogongwa muhuri. Inasema hivi:

"YAH: MALALAMIKO KUHUSU BUTI ZA ANNA. Mlimwajiri mwanamke mkampa buti za mwanaume. Alipoanguka mkamfukuza. Naomba atibiwe na arudishwe kazini. Mkiuliza kwa nini hakujinunulia za kwake, alijinunulia. Nilizitupa chooni mimi, mke wa mfanyakazi wenu. Yeye hana kosa. Nasubiri majibu kwa maandishi."