Kofia Iliyomjibia Mjomba Posa

Jamani, mkiniona nakatiza sokoni hapa Newala nimeinamisha kichwa, msidhani nina maringo, ni aibu tu, na mkisikia mtu ananiita "Bwana Ndiyo" nyuma ya mgongo msimwulize kwa nini, niulizeni mimi, maana wenzangu wanaongeza chumvi na mkasa wenyewe chumvi umejaa.

Mimi ni fundi simu na redio. Kwa muda sasa, mimi na wenzangu wawili tunahangaika na kofia ya kusoma mawimbi ya ubongo (si uchawi, mama alishaniuliza). Ubongo una umeme kidogo, vidonge vya chuma vilivyoshonewa ndani ya kofia vinaudaka, simu inautafsiri. Tulitaka kitu chepesi ambacho hata mtu asiyejua kusoma atakitumia bila kufundishwa sana: ukifumba macho ukatulia, mawimbi fulani yanapanda na spika inasema "Ndiyo"; ukifumbua macho ukaangaza, yanashuka, inasema "Hapana". Basi. Nilijipima mwenyewe chumbani kwangu, mlango nimefunga, ikapatia kila jibu, nikajiona bingwa.

Niliyemtengenezea hasa ni mjomba, kaka mkubwa wa mama. Kiharusi kilimchukua ulimi na upande wote wa kulia, hata shingo haimtii kuitikia, ila akili yake iko palepale, unaiona machoni. Na kwetu mjomba si mtu wa kukaa pembeni: binti wa dada yake akiposwa, yeye ndiye anayemtoa. Sasa mdogo wangu Zuhura kaposwa na mwalimu wa Tandahimba, kijana mpole, wanapendana mpaka unachoka kuwatazama, lakini jibu la posa limeahirishwa na kuahirishwa kwa sababu wajomba wadogo hawathubutu kufungua mdomo, mkubwa wao akiwa hai. Upande wa kijana wakaanza kunung'unika kwamba wanachezewa. Zuhura akaniambia, "Kaka, si kofia yako inaongea? Mvalishe mjomba aseme mwenyewe. Safari hii wakirudi mikono mitupu hawaji tena."

Wageni wakaja, wakiongozwa na mshenga wao Mzee Hamisi, mtu wa maneno ya kupima. Tukaamkiana, tukala, mjomba akalishwa ugali wa muhogo na kisamvu akashiba, tukamwegemeza kwenye mito, nikamvika kofia. Sasa sikilizeni nilipoharibu. Kwa kawaida, swali likiulizwa nabonyeza simu ndipo spika ijibu. Lakini kuchezea simu mbele ya wakwe? Nikaona si adabu, nikaitega ijibu yenyewe kila mtu akiuliza na kunyamaza. Nikaketi mkekani, mikono magotini, kama mtu mwenye akili.

Mzee Hamisi akakohoa. "Mzee, tumekuja kuomba mtoto. Tumepokelewa?"

"Ndiyo," ikasema spika (sauti yangu mwenyewe hiyo, niliirekodi nikaikaza iwe ya kizee). Vigelegele! Mama analia, Zuhura yuko chumbani anaruka, mimi kifua kimetuna.

"Alhamdulillahi. Basi harusi iwe baada ya msimu wa korosho?"

"Ndiyo."

"Au mngependa iwe kabla?"

"Ndiyo."

Watu wakatazamana. Mimi nikaitazama simu, simu inanitazama. Hapo mtani wetu Saidi, Mmakua wa Masasi aliyekuja kula tu, akaona mlango uko wazi. "Njomba, nyumba hii si umeniachia mimi?" Ndiyo. "Na huyu fundi redio, nimchukue akanipalilie shamba langu la Nanganga?" Ndiyo. Watu wanacheka wanashika mbavu, nami nacheka huku sielewi nacheka nini, mpaka kikasikika kitu kama pikipiki inayokataa kuwaka. Mjomba alikuwa anakoroma.

Mzee Hamisi hakucheka. "Kumbe tumepewa mke na mtu aliyelala?"

Mama akamtikisa kaka yake, akaamka, nikamfuta mdomo, tukaanza upya. Na hapa ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Kwetu anayetoa mtoto humtazama usoni anayempokea. Ukimfumbia macho mgeni, umemwonyesha kwamba humtaki. Mimi najua hilo tangu utoto, lakini chumbani kwangu nani wa kumfumbia macho? Mjomba, mtu wa adabu za zamani, akayatoa macho yote mawili, akamkazia Mzee Hamisi kwa heshima zote.

"Mzee, umeridhika?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hapana."

Chumbani Zuhura akalia kwa sauti. Nikaruka, "Jamani si yeye, ni macho! Mjomba, fumba macho!" Mama akanifokea kwa jina la mwanangu, "Baba Swaumu, unamfundisha mjomba wako kuwadharau wageni?" Nikamvua mjomba ile kofia nikajivika mwenyewe ili niwaonyeshe, jasho linanitiririka, macho yamenitoka.

"Wewe, kaka mtu," akasema Mzee Hamisi, "na wewe umetukataa?"

"Hapana," ikasema spika. Nikapumua. Lakini mzee yule hakuwa na shukrani. "Kwa hiyo umeridhika?"

"Hapana."

Akasimama, akatafuta viatu.

Hapo shuka la mjomba likatikisika, ukatoka mkono wa kushoto. Huo ulikuwa unacheza kidogo, tunajua, ila tangu augue aliuficha, akawa radhi kulishwa kuliko kuutumia, maana kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumtukana, sembuse mtoto. Zuhura alikuwa ameshatoka hadi mlangoni, mjomba akamwita kwa kidole. Akamshika kiganja, akakivuta polepole kuelekea kwa wageni, machozi yanamshuka kwa haya. Mzee Hamisi akaacha viatu, akapiga magoti mkekani, akakipokea kiganja kile kwa mikono yake miwili. "Tumepokea, mzee," akasema. Hata Saidi alisahau utani. Mimi nilikuwa nimefumba macho nalia, kofia bado iko kichwani, na spika, ikidhani imeulizwa, ikatamka, "Ndiyo."

Jina nililipatia hapo. Kofia bado tunaitengeneza, lakini nimeapa simvishi mtu tena kabla sijamuuliza kwao ndiyo inasemwaje, na mbele ya wakwe sipeleki hata redio. Zuhura yuko Tandahimba kwa mumewe, anacheka akikumbuka. Linalonisumbua ni ile ndiyo ya kwanza kabisa, sijui mjomba aliisema au alikuwa ameshalala. Nimemwuliza mara nyingi. Ananitazama tu, macho wazi.